Dishi lako, ukuta wao

Nikija Mombasa likizo, maswali ya barazani nayajua: mshahara, baridi, makaratasi. Safari hii mtoto wa kaka yangu ameniletea jipya. Amenunua fleti Nyali, na kamati ya jengo imemwandikia aliondoe dishi lake darini, yaani juu ya jengo. "Ami, huko Marekani mtu akishanunua nyumba yake si anaweka anachotaka?"

Thubutu! Mimi Minneapolis nina nyumba ya kondo. Yaani vyumba vya ndani ni vyangu, lakini paa, ngazi, bustani na kuta za nje ni mali ya pamoja. Anayevisimamia ni chama cha wenye nyumba, ambacho kinatutoza ada kila mwezi na kina kanuni ya kila kitu, hata rangi ya pazia linaloonekana nje. Nilipofunga dishi roshani ili mama mkwe apate chaneli zake za Kiarabu zisizolipiwa (mambo ya programu za simu hayataki kabisa), barua ilifika hata fundi hajamaliziwa pesa zake. Nilitakiwa niliondoe, nijaze fomu ya kuomba ruhusa, nilipie fomu yenyewe, kisha nisubiri kamati ikutane.

Kwa barua ile, sheria ilikuwa upande wangu. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mawasiliano, na tume yao ya mawasiliano, FCC, ikatunga kanuni inayolinda madishi. Kama dishi halizidi upana wa mita moja, na umeliweka mahali unapomiliki au kutumia peke yako, chama hakiwezi kukukataza, kukuchelewesha, kukuongezea gharama kupita kiasi wala kukufanya ukose mawimbi. Kukulazimisha uombe ruhusa kwanza ni kukuchelewesha, kwa hiyo nako hakuruhusiwi. Yanayoachwa ni mambo ya usalama na majengo ya kihistoria, na chama kikidai usalama lazima kieleze ni usalama gani. Tangu 1999 hata mpangaji analindwa. Mzozo ukifikishwa FCC, faini zinasimama mpaka uamuzi utoke, na mwenye kutakiwa kuthibitisha ni chama, si wewe. Nikawaandikia ukurasa mmoja wenye namba ya kanuni, 1.4000. Fomu ikafa hapo.

Barua ya pili ilikuwa na akili zaidi. Dishi lenyewe haikuligusa. Ilitaja mkono wa chuma uliofungwa kwenye reli ya roshani, ambao ulitokeza nje. Roshani ni yangu, lakini hewa iliyo ng'ambo ya reli ni ya wote, na kanuni haivuki reli. Vilevile ukitoboa ukuta wa nje kupitisha waya, umetoboa mali ya wenzako. Basi fundi akasimamisha mlingoti ndani ya ndoo ya saruji, ndani kabisa ya roshani, na waya ukapita mlangoni, ule mwembamba bapa unaokubali kubanwa na mlango wa kusukuma. Hakuna tundu hata moja, na hakuna barua ya tatu.

Lakini nilibahatika, roshani yangu inatazama kusini. Setilaiti zinazorusha chaneli hizi ziko juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, na ukiwa Minneapolis unazitafuta upande wa kusini, chini kiasi, nyuzi zisizofika 40 juu ya upeo wa macho. Mama mmoja wa Kisomali katika jengo letu roshani yake inatazama kaskazini. Haki anayo sawa na yangu, ila mahali pa kuitumia hana: anakopata mawimbi ni kwenye paa, na paa si lake peke yake. Kwa hiyo ndugu yangu unayetafuta kondo huko, kabla hujafungua makabati ya jikoni, nenda kwanza roshani ujue kusini ni wapi. Dalali hatakwambia.

Sasa nawasumbua waweke dishi moja la jengo zima. Wakifanya hivyo, na picha ikawa safi na bei ikawa haizidi ya dishi la mtu binafsi, kanuni inawaruhusu kukataza haya ya roshani. Wao wanapata jengo lao safi, na yule mama anapata chaneli zake. Kwa nini wanasitasita hata sijui.

Ulaya mambo yamefika mbali zaidi. Familia moja ya Wairaki waliopanga Rinkeby, kitongoji cha Stockholm, iliamriwa kuhama kwa sababu ya dishi tu. Wakaenda hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na tarehe 16 Desemba 2008 ikaamuliwa kwamba Sweden imevunja haki yao ya kupata habari, maana habari za kwao na kwa lugha yao hazikupatikana kwa njia nyingine iliyo sawa na hiyo. Nyumba walikuwa wameshaihama.

Haya yote nilimweleza kijana, akafurahi, akataka tuandike barua usiku uleule. Nikampeleka kwanza kwenye roshani yake. Mombasa setilaiti iliyoko longitudo ya nyuzi 36 mashariki, inayotazamwa na madishi mengi ya hapa, iko karibu utosini. Dishi linalala chali kama bakuli linalongoja mvua. Ukiliweka roshanini linatazama sakafu ya jirani wa juu. Hata Kenya ingekuwa na kanuni ya FCC neno kwa neno, yeye isingemfaa kitu. Dishi lake ni la darini, na dari ni mali ya pamoja, ambayo kwa sheria ya fleti ya mwaka 2020 yeye pia ana fungu lake humo. Hapo hakuna barua ya kutisha watu, kuna kikao.

Tukapanda darini tukaangalie. Kubwa kuliko yote pale juu, limefungwa kwenye stendi ya tangi la maji, ni la mwenyekiti wa kamati. Nimemwambia kijana alipige picha kabla ya kikao.