Land Rover 110 ya 1992: narudisha oili kwenye ekseli ya mbele

Kazi ya breki imekwisha, sasa zamu ya ekseli ya mbele. Gari ni Defender 110, injini ya 200Tdi, na kazi yenyewe ni kuitoa grisi aliyoijaza mwenye gari wa zamani kwenye yale matufe mawili nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha kuweka gia oili ya EP90, ambayo ndiyo iliyokusudiwa na kiwanda kwa gari za toleo hili.

Ndani ya kila tufe imo sivi jointi. Ndiyo inayofikisha nguvu kwenye gurudumu hata likiwa limekata kona. Juu ya tufe kuna kikombe cha chuma kinachogeuka na usukani kwa pini mbili, ya juu na ya chini, na sili kubwa ya mpira hulifuta tufe kila unapogeuza. Chini ya kikombe kuna bolti ya kumwagia, ubavuni ya kupimia, juu ya kujazia. Kwenye miaka ya katikati ya 1990 kiwanda kilihamia grisi laini sana, inayomiminika kama uji wa mgonjwa, unajaza mara moja umemaliza. Vurugu zilianzia hapo. Watu wenye gari za zamani walisikia tu kwamba grisi inafaa, wakashindilia yoyote iliyopo dukani, hasa ile ngumu ya beringi za magurudumu. Na kweli uvujaji unakoma siku hiyohiyo. Anayetaka kuuza gari anaipenda sana dawa hii.

Tulianza kushoto. Grisi ilikuwa imejaa kweli, ila imeganda kwenye kuta za kikombe, nyeusi, nene kiasi cha kidole, na ukiikata kwa bisibisi inabaki imesimama. Jointi yenyewe katikati ilikuwa inang'aa, karibu kavu. Shafti ikizunguka inairusha grisi pembeni, na grisi ngumu ikishaganda ukutani hairudi. Oili inarudi chini yenyewe, jointi inaichota na kuirusha mpaka kwenye pini ya juu, mahali ambapo grisi ilikuwa haijafika kabisa. Kwenye 110 jambo hili lina uzito wake kwa sababu magurudumu ya mbele yanavuta muda wote. Hata ukiwa kwenye lami ya Arusha kwenda Makuyuni, jointi inafanya kazi.

Mwenye Land Cruiser ya 70 asiige. Ya kwake imeundwa kwa grisi yenye molibdeni, inashindiliwa kwa mkono mpaka ndani ya jointi, na ukikuta humo oili ya difu, yaani ya lile sanduku la gia katikati ya ekseli, ujue sili ya ndani imekufa.

Fundi wangu, mzee aliyezeeka na Land Rover, hakufurahishwa.

"Kijana wangu, oili hii itakumaliza. Utakuwa unaongeza kila siku."

"Mzee, heri niongeze nikijua kinachotoka."

Akacheka, akaniachia ndoo ya dizeli na brashi.

Kuosha ndiko kulikokula muda. Jointi hii ina gololi sita, na kila moja ina mfereji wake. Ukibakiza grisi ya zamani kwenye mfereji mmoja, itachanganyika na oili na hutajua tena unachokiona siku ukimwaga. Nilikuwa natafuta vishimo kwenye mifereji. Havikuwepo, kulikuwa na alama za kung'aa tu, kwa hiyo jointi imerudi ileile.

Tufe halikuwa na bahati hiyo. Barabara ya Engaruka kwenda Ngare Sero ina vumbi la majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, laini, linanata kwenye utando wa oili kisha sili inalisugulia kwenye kromu iliyolifunika tufe. Kromu ikishachubuka, kutu inaingia. Vishimo vidogo nimevijaza gundi ya epoksi, ikakauka vizuri, nikapiga msasa laini wa maji mpaka ukucha ukipita haukwami. Upande wa kulia vishimo vimekuwa mabaka. Pale epoksi ni ya kuvusha siku tu, dawa yake ni tufe jipya.

Kabla ya kufunga sili mpya tulipima pini. Mzani wa ndoano unaning'inizwa kwenye mkono wa usukani, unavuta taratibu na kusoma uzito unaoanza kukigeuza kikombe. Kikiwa chepesi mno unapunguza shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebishia nafasi, chini ya pini ya juu. Wengi wanairuka hatua hii halafu wanalaumu sili. Pini ikilegea, kikombe kinayumba juu ya tufe, sili inabanwa upande mmoja na kuachia mwingine. Grisi ngumu inaweza kuficha ugonjwa huo kwa miaka. Oili itakutolea siri wiki ya kwanza.

Kujaza ni kazi ndogo: lita 0.35 kila upande, kwa bomba la sindano, gari likiwa limesimama mahali palipo sawa, mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kupimia. Lita moja inatosha pande zote na chenji inabaki.

Kipumulio cha ekseli tulikikuta kimezibwa na tope. Ekseli ikipata moto hewa inatanuka, ikikosa njia inasukuma oili kwenye sili. Ukiingia korongo lenye maji ekseli ikiwa ya moto, hewa inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili hizohizo. Nimeweka mpira mpya na kuupandisha juu mpaka chumba cha injini.

Tangu hapo nimevuka maji ya kutosha. Nikirudi nalegeza bolti ya chini kidogo, natazama tone la kwanza. Likitoka limepauka na kuwa jeupe, maji yameingia, namwaga yote na kujaza upya kwa bei ya nusu lita ya oili. Kwa grisi ningejuaje?

Kushoto kuna unyevu mwembamba tu juu ya tufe, na huo nauacha, ndio unaolainisha sili. Kulia kunadondosha, mzee anapita kila asubuhi kuchungulia chini ya gari na kuguna. Tufe jipya nimeshaagiza. Likifika nitabadilisha pamoja na sili ya shafti ya ndani, maana difu nayo imeanza kupungua oili na sijaona inakodondokea chini.