Nilivyoweka ishara zinazofungana kwenye reli yangu ya mfano

Wajenzi wengi wa reli za mfano huacha ishara hadi mwisho, wakishamaliza milima, majengo na kokoto. Mimi nilianza na ishara. Mandhari ikiwa nzuri kiasi gani, treni ikiingia stesheni huku pointi, yaani reli za kuihamishia treni njia nyingine, zimeelekea kwingine na ishara imelala, jicho la anayeijua reli linagoma kuamini.

Reli yangu ni ya skeli ya 1:87, upana wa njia ni milimita 16.5. Ni njia moja yenye stesheni ya kupishania: pointi kila upande na njia mbili katikati. Nilichagua semafo za mtindo wa Uingereza, zile zenye mkono juu ya mlingoti. Mkono ukilala, dereva anasimama, ukiinuka, anapita.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya kalamu na karatasi. Nilichora jedwali la kufungana, yaani wenzo gani (mkono wa kuvutia ishara au pointi) unazuia wenzo gani. Ishara ya kuingia njia kuu haivutiki mpaka pointi zimenyooka. Ikishavutwa, pointi haziguswi tena mpaka ishara irudi. Ishara ya kuingia njia ya pembeni inadai pointi zigeuzwe kwanza. Ishara za pande mbili zinazoelekeana haziwezi kuvutwa pamoja. Ishara ya mbali, inayomtahadharisha dereva kabla hajafika stesheni, ndiyo ya mwisho kabisa: inakubali tu pale ishara zote za kusimamisha treni zilizo mbele yake kwenye stesheni zimefunguka. John Saxby alipata hataza ya mtambo wa namna hii Uingereza mwaka 1856, lakini ni baada ya ajali ya treni ya Armagh, Ireland, Juni 1889, ndipo sheria iliipa serikali ya huko mamlaka ya kuzilazimisha kampuni za reli ziufunge.

Ningeweza kuyaachia yote hayo programu ya kompyuta. Sikutaka. Nilitaka mkono wangu usikie wenzo ukikataa. Kwa hiyo kila wenzo niliuunganisha na ukanda bapa wa shaba ya njano unaoteleza mbele na nyuma chini ya fremu inayoshika nyenzo. Ubavuni mwa ukanda nilichonga mapengo kwa tupa, na kati ya kanda nikaweka vipande vidogo vyenye ncha. Ukanda mmoja ukisogea, unakisukuma kipande kiingie kwenye pengo la ukanda wa jirani, nao unakwama papo hapo. Pengo lichongwe kwa mshazari, pande zote mbili zifanane, na shaba ilainishwe mpaka iteleze. Ukiharakisha hatua hii, nyenzo zitakuwa nzito na ncha zitalika. Hii ndiyo sehemu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo ninayoipenda zaidi.

Mikono ya semafo inasukumwa na mota ndogo za sevo zilizofichwa chini ya ubao, zikiongozwa na bodi ya Arduino, kompyuta ndogo ya kuandikia programu. Mkono wa kweli hauendi kwa mwendo mmoja. Mwendesha ishara anapovuta, waya mrefu unakazika kwanza, kisha mkono unapanda. Akiachia, mkono unaanguka kwa uzito wake, unadunda kidogo, unatulia. Mdundo huo niliuandika kwenye programu hatua kwa hatua.

Kioo cha kijani nacho kina siri yake. Kwenye semafo zilizotumia taa ya mafuta, kioo chenyewe kilikuwa na rangi ya kuelekea buluu, kwa kuwa mwali wa mafuta ni wa manjano na vikikutana vinatoa kijani. Ukiweka LED nyeupe kali nyuma ya kioo hicho utapata buluu. Nilitumia LED nyeupe yenye mwanga wa kuelekea manjano, nikaipunguzia mwanga kwa rezista mpaka ikafifia kama taa ya utambi.

Kubwa zaidi ni hali ya kawaida ya ishara. Mwaka 1876 huko Abbots Ripton, Uingereza, theluji na barafu vilizuia mikono ya ishara kurudi kwenye hatari, yaani hali ya kusimamisha treni, na treni zikagongana. Tangu nisome habari hiyo, programu yangu inaanza kila kitu kwenye hatari. Wenzo ukivutwa wakati njia ya mbele ina treni, mkono hauinuki.

Ili bodi ijue kuna treni, nimekata reli katika sehemu na kila sehemu ina kipima mkondo. Kichwa cha treni kinatumia umeme, basi kinaonekana. Mabehewa hayatumii, na behewa la mwisho lililobaki juu ya pointi ndilo hatari yenyewe. Nilibandika rezista ya omu 10,000 kwenye ekseli za mabehewa, ikivuka sehemu isiyopitisha umeme, na kuiunganisha kwa rangi yenye chembe za fedha. Kwa volti 15 hupita kama miliampea 1.5, zinazotosha kabisa.

Umbali ulibaki kuwa mgumu. Kilomita moja ya kweli kwa skeli hii ni mita 11.5, na ishara ya mbali inahitaji umbali wa namna hiyo ili treni ipate nafasi ya kufunga breki. Sikuijenga. Niliweka wenzo wake na kionyeshi kidogo juu ya fremu, kama ilivyokuwa katika vibanda halisi vya ishara ambako mwendesha ishara hakuweza kuiona ishara yake kwa macho.

Sasa natengeneza mashine mbili za tableti za njia moja (tableti ni kisahani ambacho dereva hukabidhiwa kama ruhusa ya kuingia njia hiyo), kwa mfumo ambao Edward Tyer aliubuni mwaka 1878: tableti ikishatoka upande mmoja, upande wa pili hautoi nyingine mpaka ya kwanza irudishwe mashineni. Kufuli za sumaku-umeme ziko tayari, bado kuziunganisha na wenzo wa ishara ya kutokea.