Tafakari ya Ijumaa: Jahazi lililotobolewa

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Wiki hii niliazimia kuandika juu ya madeni, na ninaowadai wanajua kwa nini. Basi madeni yatasubiri. Jumanne usiku alinipigia simu mtoto wa kaka yangu anayesoma Unguja. "Shikamoo shangazi" haijapoa mdomoni, akanimwagia yote: mhadhiri wao kawaambia kuwa viumbe vimetokana na mwendo kipofu, usio na wa kuuongoza, unaosukumwa na makosa ya kubahatisha katika vinasaba. "Wewe umesomesha Bayolojia maisha yako yote, shangazi. Ulikuwa unatuficha?"

Nikamwambia alale, nitamjibu Ijumaa. Hili ndilo jibu, nanyi mnasoma barua ya mtu.

Kuficha sikuficha. Mageuko ya viumbe yamo katika masomo ya Kidato cha Nne, na kila mwaka hakukosekana wa kunyoosha mkono: "Mwalimu, hii tuiamini au tuijibu tu?" Nami, nakiri, mara nyingi niliwaambia wajibu tu, tuwahi mada nyingine.

Kwamba viumbe hubadilika kizazi kwa kizazi, mtu wa Pemba hahitaji kwenda mbali kuliona. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi Kidike kutazama popo wetu wakubwa, wanavyoning'inia mitini mchana kama nguo zilizoanikwa. Popo yule hayupo kokote duniani ila kisiwa hiki. Jamaa zake hawako Tanga, hapo ng'ambo. Wako Komoro na Madagaska, na bara zima la Afrika halina popo wa ukoo huo. Unguja nao wana kima punju, na walikuwa na chui. Huku kwetu hawakuwapo wote wawili, na kima punju walioko msitu wa Ngezi waliletwa na watu miaka ya 1970. Sababu ni bahari. Maji kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi. Zama za barafu bahari iliposhuka, Unguja iliungana na bara na wanyama wakavuka kwa miguu. Mkondo wetu una kina cha mamia ya mita, haukukauka. Aliyefika Pemba alifika kwa mbawa au kwa kuelea, akakaa peke yake, akabadilika. Mimi sioni la kukanusha hapo. Aya inayotutaka tutembee katika ardhi tutazame vipi alivyoanzisha uumbaji (Al-Ankabut, 20) haikututaka tutembee tumefumba macho.

Suala la Nabii Adam, alayhi salaam, silitii humu. Itikadi yangu ni ile niliyosomeshwa chuo cha Qur'ani, na mwenye hamu ya mjadala awaendee masheikh.

Kijana hakuuliza habari za popo, aliuliza habari ya kubahatisha. Maandishi ya vinasaba vyetu yana herufi kiasi cha bilioni 3, na kila mtoto huzaliwa na kama herufi 60 hivi mpya ambazo hazimo kwa baba wala kwa mama. Mtaalamu akisema mabadiliko hayo ni ya kubahatisha, hana maana kuwa hayana sababu. Sababu zinajulikana: makosa ya kunakili, mionzi, kemikali, hata umri wa baba. Maana yake ni kwamba badiliko haliangalii shida ya kiumbe. Mwaka 1943 wanasayansi Luria na Delbrück walilionyesha hilo kwa bakteria. Wale waliostahimili virusi walikuwa tayari wanalo badiliko lao kabla ya kukutana na virusi. Hawakulipata kwa sababu walilihitaji.

Chukueni kimbunga cha 1872. Kilipiga Unguja kikaangusha mikarafuu kwa maelfu, Pemba ikapona, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Upepo ule ulikuwa na sababu zake za joto na bahari, lakini haukuuliza hili shamba la nani. Haukumtazama mwenye deni wala mwenye kuswali. Kwa lugha ya mtaalamu, ulibahatisha. Na mkulima wa Pemba aliyetoka asubuhi akakuta mikarafuu yake imesimama, akasema alhamdulillahi, naye pia alisema kweli.

Neno "kipofu" ndilo lililopita mlango wa uani. Hakuna darubini inayopima kama jambo lina mwenye kulikusudia. Mhadhiri ana haki ya kulisema, ni rai yake, lakini akifika hapo ameshavua koti la maabara. Sisi tunasoma katika Suratul An'aam, aya ya 59, kwamba halianguki jani ila Yeye analijua, wala punje katika giza la ardhi. Jani huanguka kwa upepo, kwa uzito wake, kwa kukauka kikonyo. Aya haikukataa hata kimoja katika hivyo.

Ningeweza kuishia hapa, na nusu yenu mngenirushia maua na vikono vya dua. Lakini huyu kijana ananijua, na anajua kilichomo nyumbani kwangu.

Mjukuu wangu ana miaka 6 na ana sikoseli. Tulijua alipokuwa hajatimiza mwaka: viganja na nyayo zilivimba kama maandazi, tukadhani kaumwa na mdudu. Maumivu yakimshika hataki hata shuka imguse. Hamshiki mama yake mkono, humshika kwa vidole viwili, kwa kuwa vingine vinauma. Halii kwa sauti siku hizi. Huhesabu boriti za dari, akimaliza anaanza upya, na mimi nimekaa pembeni na elimu yangu yote ya Bayolojia.

Ninaijua herufi yenyewe. Palipokuwa na A pamewekwa T, basi. Kwa herufi hiyo moja protini ya damu huungwa vingine, na chembe nyekundu ikikosa oksijeni hupinda kama mundu na kuziba mishipa. Yeye kairithi kwa baba na kwa mama. Kaka yake kairithi upande mmoja tu, na huyo hucheza mpira mpaka adhana ya magharibi.

Huyu wa upande mmoja ndiye anayeshangaza. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona kuwa herufi hii imejaa kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, na kwa watu wa milimani ni haba. Mwaka 1954 alionyesha sababu: ilipo malaria, mwenye nakala moja hulindwa na malaria kali. Vimelea vikiingia katika chembe zake, chembe hupinda mapema na bandama huziondoa. Na si herufi hii peke yake. Afrika Magharibi wana badiliko lao jingine la damu, Thailand na Kambodia wana lao, watu wa Mediterania wana talasemia. Herufi zilikuja bila kutazama haja ya mtu. Mchujo wa malaria haukubahatisha, ulibakisha zilizofaa, nchi baada ya nchi.

Sasa leo ni Ijumaa, na wengi wenu mmeshaisoma Suratul Kahf au mtaisoma kabla jua halijatua. Nabii Musa anapanda jahazi pamoja na Khidhr, mja aliyepewa elimu na Mwenyezi Mungu, na Khidhr analitoboa. Musa anamaka: unalitoboa uwazamishe watu wake? Baadaye anaambiwa kwamba lilikuwa la maskini wafanyao kazi baharini, na mbele yao kulikuwa na mfalme anayeteka kila jahazi zima. Kwa hiyo likatiwa ila, asilitamani.

Mara ya kwanza nilipoiweka aya hii pembeni ya chembe ya damu, nilisimama katikati ya darasa nikakosa la kusema. Chembe iliyotiwa ila, mnyang'anyi akaiacha! Wanafunzi wakadhani nimesahau somo. Niliondoka siku ile nikijiona nimepata ufunguo.

Ufunguo ule haujafungua kila mlango, ndugu zangu. Jahazi la kaka yake limetobolewa likaokoka. La mdogo wake limetobolewa mara mbili na linaingia maji kila mwezi. Halafu tazameni hili: tangu Zanzibar ilipoanza dawa mseto mwaka 2003, kisha vyandarua na upulizaji wa majumba, maambukizi ya malaria yameshuka na kwa miaka mingi yamekuwa chini ya asilimia 1. Mfalme karibu amefukuzwa, tundu limebaki. Jirani alinikumbusha hadithi ya mwiba, kwamba Muislamu hachomwi hata na mwiba ila hufutiwa madhambi. Ni hadithi sahihi, na alikuja na uji wa mchele mikononi, Mungu amlipe. Ila mtoto wa miaka 6 hana madhambi.

Na kisa kile hakikuishia kwenye jahazi. Baada yake kuna kijana aliyeuawa na Khidhr. Huwa tunapita haraka hapo.

Wengi hudhani Darwin, mwenye nadharia ya mageuko, alifika alipofika kwa kiburi. Mwaka 1851 alifiwa na binti yake Annie, mwenye miaka 10. Alikuwa amemuoa binamu yake, kama wengi wetu huku tulivyooana, na baadaye aliingiwa na wasiwasi kwamba huenda udugu ule uliwadhuru watoto wake. (Wanaochumbiana, pimeni damu kabla ya posa. Haya, nimesema.) Mwaka 1860 alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani na Mkristo mshika dini, akamtajia nyigu ambao watoto wao humla kiwavi ndani kwa ndani naye yu hai, akasema hawezi kujishawishi kwamba Mungu mwema aliwaumba kwa kusudi hilo. Gray aliipokea nadharia na imani yake hakuiacha, wakaendelea kuandikiana. Nikiisoma habari ya barua ile simwoni adui wa dini. Namwona mtu anayehesabu boriti.

Kwa hiyo, mwanangu, shangazi yako hasemi kama mhadhiri wako kwamba hakuna aliyekusudia. Hakuliona hilo katika darubini. Wala sitasema kama yule ami yako kwenye msiba, kwamba anajua kwa nini mtoto huyu na si yule. Naye hakuliona. Musa alikuwa Mtume, alizungumza na Mola wake, na bado alishindwa kunyamaza mara tatu. Tofauti yetu naye ni kwamba yeye mwishowe alielezwa. Mimi bado nimo chomboni, nalitazama tundu, na Mwenye kunieleza sijakutana naye.

Jana usiku wa kuamkia leo maumivu yalimwachia mjukuu wangu kama saa nne. Akataka nimsomee. Nikamsomea Kahf, nikawa nakata kila aya na kumweleza kwa Kiswahili, mpaka tukafika kwenye jahazi. Baba yake na babu yake wote ni wavuvi, kwa hiyo hakuuliza nilichotegemea.

"Lilizama?"

Halikuzama, nikamwambia.

"Nani alilitia kalafati kuziba tundu?"

Nikarudi kwenye aya. Haisemi. Babu yake, aliyekuwa kajinyoosha mkekani mimi nikidhani kalala, akajibu bila kufumbua macho: "Wenyewe. Kwa pamba na mafuta ya sifa." Nikampa kidonge chake na kikombe kikubwa cha maji, akanywa mpaka chini.