Mradi wa korongo: sasa nafuatilia mashimo ya ukutani

Mvua za masika zimekolea hapa Nyakach, Kaunti ya Kisumu, Kenya. Ni upande wa Katuk-Odeyo, ambako makorongo yamekula mashamba na malisho, na udongo wake kuteremka kuelekea Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Upana na kina nitapima mvua zikipungua. Kwa sasa macho yangu yako kwenye mashimo ya ubavuni mwa ukuta.

Udongo wa juu umeshikwa na mizizi. Chini yake kuna tabaka laini, kisha mfinyanzi mzito. Maji yanayozama juu yakifika kwenye mfinyanzi hukwama, hutambaa kando na kuchuruzika ukutani, yakitoka na chembe za udongo. Ndiyo maana shimo huendelea kukua hata mvua ikishakatika. Kule kichwani mwa korongo maji huanguka kwa kishindo, yakachimba dimbwi na kuula ukuta kwa nyuma. Sehemu ya juu hubaki ikining'inia. Ufa hutokea kwenye nyasi, mbali kidogo na ukingo, halafu pande zima hushuka.

Udongo huo ulioanguka ungebaki pale, ungeuegemeza ukuta. Mafuriko hayauachi. Huuzoa wote, ukuta ukabaki wima na mtupu, na maji yakaanza kutoboa upya. Hapo ndipo tunapopoteza ardhi nyingi, na inaniuma sana.

Nimejaribu pia bonge kavu la udongo kutoka ndani ya shimo: nimelitia kwenye glasi ya maji ya mvua, bila kukoroga. Muda si mrefu likazungukwa na wingu kama maziwa. Bonge la udongo wa juu lilibomoka tu, maji yakabaki maangavu. Wingu hilo ni dalili ya sodiamu nyingi, inayofanya chembe za mfinyanzi zitengane zikiguswa na maji. Ukitaka kujaribu kwako, usitumie maji ya kisima yenye chumvi, maana chumvi huzuia wingu lisionekane.

Mzee jirani ameniuliza, "Kijana wangu, kwa nini tusizibe kwa mawe?" Nimemwambia, "Mzee, maji yatapita nyuma ya mawe." Tumekubaliana kuanzia juu: mfereji wa kuyakinga maji na kuyapeleka penye nyasi, mbuzi wabadilishiwe njia, na mkonge upandwe nyuma ya nyufa. Matuta ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, hatutayaweka karibu na ukingo, kwa sababu maji yanayotuama hapo yatazama na kutokea kwenye mashimo yaleyale.