Mwisho wa siku ni saa ngapi?

Kikundi chetu cha vikoba hapa Ngamiani, Tanga, hukutana kila Jumamosi saa nne asubuhi, na mimi ndiye katibu. Mwezi uliopita mwenyekiti alisimama akasema, "Jamani, mwisho wa siku tunataka kila mwenye mkopo awe amemaliza marejesho." Nikaandika kama alivyosema. Tukafunga sanduku, kila mshika ufunguo akaondoka na wake.

Jioni ile, adhana ya magharibi ndiyo kwanza imekwisha, nikasikia hodi. Kumbe ni mama yetu mmoja muuza vitumbua, mkubwa hata kwa mama yangu mzazi. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anafungua pindo la kanga. Akanihesabia shilingi 40,000.

"Nisamehe mwanangu, nimechelewa. Nimezungukia watu watatu ndiyo nikazipata."

"Mama, si bado una mwezi mzima?"

Akanitazama. "Si kasema mwisho wa siku?"

Sikuwa na jibu. Mama yule alisikia Kiswahili kilichosemwa. Siku inaisha jua likizama, na kwa hesabu ya huku kwetu pwani hata saa sita ya usiku haingojwi: jua la Alhamisi likishazama, usiku ule ni usiku wa Ijumaa. Alikuwa amekimbizana na jua mchana kutwa.

Mwenyekiti naye alikuwa na "at the end of the day" kichwani. Waingereza wakiisema hivyo hawataji saa. Wanataka kusema kwamba ukishapima yote, lililo zito ni hili. Sisi tumeichukua neno kwa neno, tukaiweka juu ya maneno ambayo tayari yalikuwa na maana yake, tena maana ambayo watu wanaishi nayo.

Tangu hapo masikio yangu yamefunguka. Kwenye daladala: "Kahangaika weee, mwisho wa siku kapata kazi." Hapo hatimaye ingetosha, au mwishowe. Wengine wanaiweka kila wanapotaka kuvuta pumzi, na hao siwasemi sana. Ila redioni, mchambuzi wa mpira: "Wamecheza vizuri, lakini mwisho wa siku muhimu ni pointi tatu." Hii ndiyo inaniuma, kwa sababu tunayo yetu, tena tamu: yote tisa, kumi. Wamecheza vizuri, yote tisa, kumi pointi tatu! Marehemu bibi yangu alikuwa akiitumia kukata ubishi wa mahari, wa shamba, wa nani apike. Akishasema "yote tisa" watu wote wananyamaza, wanaingoja hiyo kumi. Ni lini mara ya mwisho umemsikia kijana wa miaka 20 akiisema?

Meza tuliipata kwa Wareno, shati kwa Waingereza, na wala sidai turudishe. Nadai tu kwamba mtu akisimama mbele ya kina mama kuzungumzia pesa zao, aseme wanachokielewa. Muhtasari nimeurekebisha: "Marejesho yote yakamilike ifikapo tarehe 30, saa nne asubuhi."

Zile 40,000 sikuzipokea. Tulitoka pamoja usiku uleule kuwarudishia wenyewe. Nyumba ya tatu tukakuta taa zimeshazimwa. Mama akazifunga zilizobaki pindoni, akasema atarudi alfajiri, kabla hajabandika mafuta.