Sekela, amri kwa nani?

Tangu Jumatatu swali la Bibi halijanitoka. Tulikuwa jikoni kule Tukuyu, mvua inapiga bati, mdogo wangu kampakata binti yake wa siku kumi na mbili, mimi nina kadi ya kliniki na penseli. Nikasoma kwa sauti jina tulilomchagulia: "Sekela. Maana yake furaha." Bibi alikuwa anageuza ndizi kwenye makaa. "Mjukuu wangu, hiyo siyo furaha, hiyo ni amri. Umemwamrisha nani?"

Nikacheka, nikaikunja kadi. Mimi, mwandika kadi za ubatizo miaka yote hii!

Umemwamrisha nani. Usiku ndipo nikaona kwamba ana haki. Kinyakyusa, lugha ya kule Tukuyu, kina seka, yaani cheka. Ongeza -el- upate sekela, ndugu wa chekelea yetu: furahia, shangilia. Furaha yenyewe, kama kitu, ni Lusekelo. Tusekile ni taarifa: tumefurahi. Tusekelege ni mwaliko: na tufurahi. Manne haya huwa nayaona yamebandikwa maana moja, "furaha", na mimi ndiye niliyebandika mengine.

Orodha ya majina ya furaha aliyokuwa nayo mdogo wangu kwenye simu nayo ilikuwa na makosa yake. Farida ameingizwa kwenye furaha kwa kufanana sauti tu. Kwa Kiarabu ni wa pekee, asiye na mfano. Faraja naye ana shina lake, la kuondokewa na dhiki, ndiyo maana linamfaa mtoto aliyekuja baada ya msiba. Ndugu wa kweli wa Furaha ni Farah. Gaudensia, ambaye ukiita sokoni Iringa wanageuka watatu, linatoka kwenye Kilatini gaudere, kufurahi, na sijakutana na Gaudensia anayelijua hilo. Felix ni mwenye heri. Chimwemwe la majirani zetu wa Malawi ni furaha bila ubishi. Isaka ni "atacheka", ila someni Mwanzo 17 na 18 kabla ya kulipamba: Abrahamu alicheka, Sara akacheka, na vicheko vyote viwili vilikuwa vya mashaka. Cha furaha kinakuja sura ya 21, mtoto akiwa mikononi.

Umemwamrisha nani, umemwamrisha nani. Jana nikakumbuka Farai la Kishona na Jabulani la Kizulu. Hizo pia ni amri! Tena za wengi, furahini, -i ya Kishona na -ni ya Kizulu zikifanya kazi ileile ya -ni yetu. Mtoto haambiwi kitu. Wanaoambiwa ni watu waliokizunguka kitanda. Lakini Sekela haina alama hiyo ya wingi. Sekela inamwambia mtu mmoja.

Na hapo nikamwona Bibi upya. Aliposema "umemwamrisha nani" hakuwa ananitazama mimi, wala ndizi. Alikuwa anamtazama mdogo wangu, ambaye mwaka juzi ulimwonea. Nimempigia asubuhi: "Bibi, ni mama mtoto?" Akasema, "Ndaga," yaani asante, akaanza kuniuliza bei ya sukari.

Basi Sekela linabaki. Kwa wanaoniulizaga: jina la lugha isiyo yenu, muulizeni mzee wa lugha hiyo, tena wawili, na msiulize "maana yake nini" tu, ulizeni "anayeambiwa ni nani". Liiteni kwa sauti kutoka mlangoni, pamoja na la baba na la babu. Kisha herufi ziwe zilezile kwenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na ubatizo. Nimeshapokea mtoto mmoja akiwa Isaka, Isack na Isaac kwenye karatasi tatu. Akifika kidato cha nne wazazi wanatafuta wakili wa hati ya kiapo. Ndiyo maana naanza na penseli.

Wino Jumapili. Ila mvua hii haikatiki, na viazi vya kule juu havijapigwa dawa ya ukungu wiki ya pili sasa. Kijana wa bomba la dawa hapokei simu.