Maji ya Kampala

Jana binti yangu alibandika chai kwa maji ya kisima kipya, akanimiminia kikombe, akasimama akinitazama. Chai ilikuwa nyeusi tii. "Baba, umenunua majani gani haya?" Majani ni yale yale ya siku zote. Nikamwambia maji haya yana chuma, na chuma kikikutana na majani ya chai ndivyo kinavyofanya. Akauliza nimejuaje. Nikacheka peke yangu, kwa sababu sikuyapata darasani.

Nilikuwa bado mwanafunzi, mwaka 2014, nikibebeshwa masanduku na watafiti waliokwenda Kilembe, juu ya mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, kupima mito na chemchemi. Mwaka mmoja kabla, tarehe 1 Mei 2013, mto Nyamwamba ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Rwenzori kwa hasira, ukazoa nyumba na madaraja, na ukatafuna marundo ya unga wa mawe ambayo mgodi wa shaba uliyaacha ukingoni. Mgodi wenyewe ulishakufa tangu 1982. Enzi zake reli ilivutwa hadi Kasese kwa ajili ya shaba yake, na shaba ikaenda kuyeyushwa Jinja. Yaliyobaki ndiyo tuliyoyafuata. Jiwe la pairiti, lenye chuma na salfa, likilala chini ya ardhi halina neno na mtu. Likitolewa juu likapata hewa na mvua, linazaa tindikali, na tindikali inayeyusha kila metali iliyo jirani. Kule chini Kasese, ambako pairiti yenye kobalti, metali nyingine iliyoandamana na shaba, ilirundikwa miaka mingi, maji ya mvua yaliyopita kwenye rundo yalichora njia ya majani makavu ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth kuelekea Ziwa George. Mtu anaiona kwa macho, haina haja ya kipimo.

Kilembe kwenyewe mambo hayaonekani hivyo. Maji yanang'aa.

Kiongozi wetu wa njia alikuwa mzee aliyefanya kazi ya pampu mgodini. Kiswahili chake kilikuwa cha pangoni, kifupi na cha amri: shika, vuta, acha. Ndiye aliyetupeleka kwa mama mmoja mwenye nyumba juu ya mteremko, karibu na chemchemi iliyochomekwa kipande cha bomba kati ya mawe. Alitupokea vizuri, akaketi kwenye kigoda kuangalia tunachofanya.

Kazi yenyewe inachosha kuitazama, nadhani. Unasuuza chupa mara tatu kwa maji yale yale utakayoyachukua. Unavuta maji kwa sirinji, unayasukuma kwenye kichujio kidogo mpaka kidole gumba kinakufa ganzi. Unadondosha tindikali ya nitriki ili metali zisijishikize kwenye kuta za chupa, unaandika namba, unafunika. Daktari aliyetuongoza alikuwa amechovya kipima tindikali na kunisomea: karibu na saba, yaani maji hayana ukali wa tindikali. Safi.

Halafu nikatoa chupa ya maji yaliyosafishwa maabara, nikaifungua pale pale, nikamimina kwenye chupa tupu, nikachuja, nikatia tindikali kama zile nyingine.

"Hayo ya wapi?" mama akauliza.

"Kampala, mama."

"Na mnayapeleka wapi?"

"Kampala."

Alicheka hadi akashika mbavu. Mzee wa pampu naye akacheka. Nikajaribu kueleza kwamba maji hayo ni shahidi, kwamba yakikutwa na uchafu basi uchafu umetoka mikononi mwetu wala si kwenye chemchemi. "Mwanangu," akasema akipangusa macho, "mimi kipimo changu hakisafiri."

Akaingia ndani, akatoka na bilauri mbili na sufuria. Alikuwa na madumu mawili mlangoni, moja la chemchemi, moja la bomba la kule chini karibu na marundo. Alichemsha kidogo kidogo kutoka kila dumu, akatupia chembe za majani ya chai, akaziweka bilauri juu ya jiwe juani. Ya chemchemi ikawa nyekundu ya kupendeza. Ya bomba ikaanza kahawia, ikaingia kijivu, ikaishia weusi wenye utando juu unaometameta. Hayo, alisema, hata kufulia hafulii, kwa maana mashati ya shule yanarudi na madoa ya kutu. Tulipima la bomba pia. Kifaa chetu kikakubaliana naye.

Daktari aliandika habari ya chai pembezoni mwa daftari lake, nikaona. Nilifurahi kuliko ilivyostahili.

Tulipokuwa tukifunga masanduku mama akamgeukia daktari. "Sasa, hii nyekundu ninywe au nisinywe?"

Akajibiwa kwamba majibu yatakuja.

Yalikuja baada ya miezi, jedwali la kurasa kadhaa. Chemchemi ya mama: chuma kidogo mno, shaba chini sana ya miligramu 2 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linaziruhusu. Kobalti ilikuwepo. Si nyingi, ila ilikuwepo, na kobalti haigeuzi rangi ya chai. Nikapeleka kidole kwenye safu ya viwango ili nione imezidi au haijazidi. Palikuwa na kistari. Shirika hilo halijaweka kikomo cha kobalti kwenye maji ya kunywa. Nilimuuliza daktari tumwambie nini, akasema tuandike "inahitaji uchunguzi zaidi," na kwa kweli sijui angeandika nini kingine. Ni sentensi ya kweli. Ila huwezi kuichota.

Nikampigia mzee wa pampu, nikamweleza yote, pamoja na kistari. Akanyamaza kidogo, akasema atafikisha. Jioni akanipigia yeye. Mama amesikia, anashukuru, ataendelea na chemchemi. Na anauliza, yale maji ya Kampala je, yalionekanaje?

Nikafungua jedwali. Hayo, nikamwambia, safi kabisa.